Kwa Nini Ng'ombe Hucheua

Watoto wachungao mifugo huuliza neno hili: Ng'ombe akiisha kulala kivulini, hutafuna nini, naye hana jani mbele yake? Yatupasa kuwajibu, maana asiyejua habari hii huweza kumpoteza mnyama wa nyumbani mwake.

Tazameni kwanza kinywa chake. Meno ya mbele yako chini tu. Juu pana ufizi mgumu. Basi ng'ombe huzoa majani kwa ulimi wake mrefu, huyabana kwenye ufizi ule, huyakata na kuyameza upesi pasipo kuyatafuna sana.

Majani hayo hushuka katika tumbo la kwanza, lililo upande wa kushoto. Kwa ng'ombe mkubwa tumbo hilo huchukua zaidi ya lita 100, yaani kama madebe matano. Humo mna vijidudu visivyoonekana ila kwa hadubini, wala idadi yake haihesabiki. Mwili wa ng'ombe wenyewe hauwezi kuyeyusha nyuzi ngumu za majani, wala wetu hauwezi. Bali vijidudu hivyo huzichachusha na kuzigeuza kuwa asidi, na mojawapo ni ile ile iliyomo katika siki. Asidi hizo hupenya ukuta wa tumbo, zikaingia katika damu na kumpa nguvu.

Tumbo la pili kwa ndani ni mfano wa sega la nyuki. Kutoka katika matumbo hayo mawili tonge la majani hurudishwa kinywani, likatafunwa pamoja na mate mengi, likamezwa tena. Ndiko kucheua, nayo ni kazi ya saa sita hata nane kila siku. Yaliyolainika hupita tumbo la tatu, lenye kurasa kama kitabu, ambamo maji hunyonywa. Kisha huingia la nne, lifananalo na tumbo letu wanadamu. Humo hata vijidudu wenyewe huyeyushwa, vikawa chakula cha ng'ombe.

Mbuzi, kondoo na twiga nao hucheua. Punda na nguruwe hawacheui. Wasomao Walawi, mlango wa 11, watakumbuka habari za wanyama wacheuao.

Sasa sikieni hatari. Kuchacha kule huzaa hewa nyingi, nayo hutoka kwa mbweu. Lakini ng'ombe mwenye njaa akila kwa wingi lusini changa yenye umande, povu huizuia hewa ile. Ubavu wa kushoto hufura kama ngoma, mapafu hubanwa, na mnyama huweza kufa kwa saa chache. Kwa hiyo mpeni kwanza majani makavu. Na mkiona amefura, msingoje kesho, mwiteni bwana mifugo upesi.

Tena, amezaye upesi hachagui. Msumari au kipande cha waya hukaa katika tumbo la pili, lililo karibu na moyo, na huweza kuuchoma. Mfuko wa plastiki hauyeyuki kabisa, bali huziba njia ya chakula.

Basi, watoto, msimpige ng'ombe alalaye akicheua mkidhani ni mvivu, yuko kazini. Bali akiacha kucheua, mwambieni baba siku ile ile, maana pengine ni mgonjwa. Nanyi walimu, siku ya kuchinja ombeni matumbo yale manne, yasafisheni, mkawaonyeshe wanafunzi sega na kitabu, hawatasahau.

Mwenyezi Mungu amempa mnyama huyu uwezo wa kugeuza majani tusiyoweza kula yakawa maziwa ya watoto wetu. Kuokota misumari na mifuko malishoni ametuachia sisi. Na tuianze kazi hiyo kesho asubuhi, kabla zizi halijafunguliwa.