Fahamu: Nywila Moja Iliyofunga Bomba la Mafuta

Mwezi wa Mei 2021, wadukuzi walipokwisha kupenya katika mtandao wa kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani kwa nywila ya akaunti ya zamani, isiyotumika tena wala kufungwa, na isiyodai ithibati ya pili, kampuni ililazimika kulifunga bomba lake la mafuta siku kadhaa, ikawalipa wadukuzi hao na kikomboleo cha dola milioni 4.4. Mkasa huo wanisikitisha, kwani dawa yake yajulikana.

Kila akaunti iachwapo na ifungwe, na iliyo wazi idai ithibati ya pili; zaidi ya hayo, akaunti yenye mamlaka makuu juu ya seva, ambayo mwenye kuitumia aweza hata kufuta athari za matendo yake, haifai kuwa milki ya mtu daima: nywila yake na ihifadhiwe katika hazina iliyosimbwa, itolewe kwa idhini na kwa muda maalumu, ibadilishwe irudipo, naye mtumishi aachapo kazi, ruhusa zake zikatwe siku ile ile.