Daktari wa mifugo: Kabete si mbali na Kawangware

Mzazi, mtoto wako akikuambia kwamba angependa kuwa daktari wa mifugo, utacheka? Wengi hucheka. Hudhani hiyo ni kazi ya kuwadunga sindano mbwa wa Karen na Muthaiga, na kwamba haimhusu mtoto wa Kibera au Kawangware ambaye kwao hakuna hata zizi.

Hebu toka nje uone. Kawangware asubuhi utapishana na punda wanaovuta mikokoteni ya maji, baadhi yao wakiwa na vidonda pale kamba zinapowasugua. Kibera, mbuzi hutafuta chochote kando ya reli nao nguruwe huchakura mitaroni. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai yale hugeuka malengelenge ndani ya nyama yake, na atakayeila kabla haijaiva vyema hupata tegu. Mayai hayo yakimwingia binadamu kwa mikono michafu, yaweza kufika ubongoni na kumletea kifafa. Hayo yote ni masomo ya daktari wa mifugo. Hata muhuri uuonao kwenye paja la ng'ombe buchani ni ushahidi kwamba mtu aliyefunzwa magonjwa ya wanyama ameitazama nyama hiyo kabla yako.

Elimu yenyewe iko jirani. Ukishika barabara ya Naivasha kutoka Kawangware utatokea Uthiru, na ng'ambo ya Waiyaki Way ndiko iliko kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Masomo haya yalihamishiwa Kabete kutoka Makerere mwaka wa 1962.

Lakini ujirani haukupi nafasi. Wewe uliye kidato cha nne, C+ ni kiwango cha chini tu cha kuingia chuo kikuu. Kozi hii huwa na ushindani, na bila alama nzuri za Biolojia na Kemia afadhali usijidanganye. Ukiingia, utakaa miaka mitano.

Usitarajie kumtibu mnyama mara moja. Utaanza na mifupa, misuli na mishipa, ukipasua mizoga na kukariri majina hadi usiku. Daktari wa watu husoma mwili wa aina moja. Wewe utasoma ng'ombe mwenye tumbo la vyumba vinne, punda mwenye tumbo la chumba kimoja, na kuku asiye na jino hata moja. Dawa nazo hazifanani: Panadol unayomeza wewe kichwa kikiuma yaweza kumuua paka. Baadaye ndipo huja vijidudu, minyoo, kupe, upasuaji, ukaguzi wa nyama na hatimaye wagonjwa wenyewe, ambao hawawezi kukuambia panapouma. Kuna siku utaingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe ili kumgeuza ndama aliyekaa vibaya. Kama wewe ni mtu wa kinyaa, tafuta kozi nyingine mapema.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, alifundisha na kuongoza idara ya anatomia ya wanyama katika chuo hicho. Alipokuwa akichunguza kupe wanaoambukiza ng'ombe, aliona jinsi udongo ulivyokuwa ukimomonyoka na ng'ombe walivyokonda kwa kukosa malisho. Miti ilifuata baadaye.

Na Muguga, mwendo mfupi kupita Kabete, ndiko Mwingereza Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Mara ya mwisho ulithibitishwa mwaka wa 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru. Mwaka wa 2011 dunia ilitangaziwa kwamba umetokomezwa, wa pili tu baada ya ndui. Ukisikia mtu akidharau daktari wa ng'ombe, msimulie hayo.

Sasa tuzungumzie pesa, maana hapo ndipo ndoto nyingi za mitaani hukatikia. Miaka mitano ya karo, nauli, vitabu na chakula si mchezo. Ipo mikopo ya HELB, lakini mkopo ni deni na utalipwa. Ukimaliza, sheria ya mwaka wa 2011 inakutaka usajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo kabla ya kumgusa mnyama wa mtu kama daktari.

Alama zisipotosha, usilie bado. Papo hapo Kabete kuna chuo cha AHITI, kinachofunza afya ya mifugo kwa kozi fupi zaidi, na sheria hiyohiyo inawatambua wahitimu wake. Hawaitwi madaktari, ila chanjo wanadunga na vidonda wanaosha. Yule punda wa maji wa Kawangware, akibahatika kutibiwa, huenda wa kwanza kumshika mguu akawa mmoja wao.