Magego ya Zinji (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliziacha nyayo za Laetoli katika majivu yaliyogeuka mwamba. Leo tuteremke Bonde la Oldupai.

Tarehe 17 Julai 1959, mwanaakiolojia Louis Leakey alilala kambini, anaumwa. Mkewe, Mary, akatoka na mbwa wake kupitia miteremko ya bonde. Akauona mfupa unachungulia udongoni. Alipopangusa vumbi, yakatokeza meno makubwa yakiwa bado yameshikana na taya.

Louis alimpa mwenye meno hayo, jamaa wa kale wa binadamu, jina Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliipa pwani yetu. Wataalamu wa leo humwita Paranthropus boisei. Mimi nitamwita Zinji. Aliishi miaka ipatayo milioni 1.8 iliyopita, na fuvu lake limehifadhiwa Dar es Salaam. Magego yake ya mwisho ndiyo kwanza yalikuwa yanachomoza: alikufa kijana.

Weka kidole juu kidogo ya sikio, kisha uma meno. Msuli unaojikaza hapo, kwetu huishia panjani. Kwa Zinji ulipanda mpaka utosini, ukajishika kwenye ukingo wa mfupa uliosimama kama upanga wa jogoo. Magego nayo yalikuwa mapana ajabu, hata akabandikwa jina la Mbangua Njugu.

Jina hilo lilimsingizia. Anayevunja vitu vigumu kila siku huachiwa vishimo menoni. Meno ya jamii ya Zinji, yalipotazamwa kwa hadubini, yalikuwa na mikwaruzo myembamba tu. Ushahidi mzito zaidi ulitoka ndani ya jino lenyewe. Nyasi za mbugani, sawa na mahindi na mtama, huchukua kaboni ya hewani kwa njia isiyo ya miti, na tofauti hiyo hubaki katika meno ya mlaji maisha yake yote, hata akishageuka jiwe. Meno ya jamii hiyo yaliyopimwa Kenya, matokeo yakatolewa mwaka 2011, yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya chakula chao kilitokana na nyasi au ndago. Ndago hiyo hiyo inayomsumbua mkulima shambani! Basi huenda magego yale yalikuwa ya kusaga, siku nzima, nyasi na ndago.

Nyasi hazihitaji kisu. Lakini kandokando ya fuvu la Zinji vilizagaa vipande vya mawe vyenye makali, pamoja na mifupa ya wanyama iliyovunjwavunjwa. Aliyeyachonga mawe hayo tutamtafuta juma lijalo.