Faharasa ya Matini za Kiswahili na Jina la Litapunga

Faharasa ya kompyuta haitofautiani sana na ile ichapwayo mwishoni mwa kitabu: kila neno huwekewa orodha ya mahali linapopatikana, ili mtafutaji asilazimike kupekua matini yote. Kuiunda ndiko kunakochukua muda, na katika Kiswahili muda huo hurefuka kwa kuwa kitenzi kimoja huvaa sura nyingi: ninapiga, hatukupiga, waliopigwa, kupigiana.

Sababu moja ya ucheleweshaji haihusu isimu hata kidogo. Programu inayoandika kwenye diski kila inapokutana na neno hupoteza muda kwa kwenda na kurudi. Dawa yake ni kuyakusanya maneno kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta, kuyapanga, kisha kuyaandika kwa mkupuo. Mafungu huunganishwa baadaye.

Uchanganuzi wa maneno ni mzigo mwingine. Mwaka 1992 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha maelezo ya namna kompyuta inavyoweza kutenganisha viambishi vya Kiswahili na mizizi. Kazi hiyo ni nzito, lakini haina haja ya kurudiwa: umbo likishachanganuliwa mara moja, jibu lake huhifadhiwa na kutumika kila umbo hilo linapojitokeza tena.

Wapo wanaopendelea njia ya mkato, yaani kukata viambishi na kuweka shina peke yake katika faharasa. Faharasa huwa ndogo na ya haraka, ila hasara yake huonekana katika majina. Mkoani Katavi, upande wa Mpanda, ipo kata iitwayo Litapunga. Kwa programu, hicho ni kitenzi kamili: li- ya ngeli, -ta- ya wakati ujao, na shina -punga, kama katika “jeshi litapunga bendera”. Herufi kubwa haisaidii, kwani programu nyingi huzigeuza zote kuwa ndogo. Mtafiti anayetaka habari za shule au mavuno ya Litapunga hurudishiwa rundo la kupunga mikono na kupunga pepo. (Mpanda nayo haisalimiki, husomwa kuwa mtu anayepanda.)

Umbo kamili, basi, halina budi kuhifadhiwa kando ya shina, na majina ya mahali kuangaliwa katika orodha yake kabla ya kukata chochote. Faharasa itanenepa kidogo, lakini muda uliookolewa kwa kuandika kwa mkupuo hulipia gharama hiyo. Orodha ya kata zote za Tanzania ni ndogo mno mbele ya msamiati wa lugha, na kompyuta huikagua kwa chini ya sekunde moja.