Mwanya Unaotembea: Kuziba Nyumba katika Baridi ya Moiben

Mvua ya Moiben, katika nyanda za juu za Kenya, ikianza mwezi wa Machi au Aprili, huendelea hadi Septemba, na nyumba nyingi hufichua udhaifu wake ndani ya wiki chache za mwanzo. Maji hupenya pale bati linapokutana na ukuta, kwenye veli ambako miteremko miwili ya paa huungana, na pembeni mwa dirisha la chuma lililoachana na plasta. Tiba ya kawaida ni silikoni, na sasa ipo bunduki ya silikoni inayotumia betri, ambayo huisukuma silikoni yenyewe bila fundi kubana mkono tena na tena. Ni zana nzuri. Hata hivyo, anayeinunua akitarajia kuwa ndiyo itakayomaliza uvujaji hajalielewa tatizo lake. Kwa sehemu kubwa silikoni haishindwi kwa sababu mkono wa fundi ulikuwa dhaifu. Hushindwa kwa sababu mwanya wenyewe hautulii: hupanuka na kusinyaa kila siku, na aliyeuziba hakuukadiria mwendo huo.

Mwendo huo unaweza kupigiwa hesabu. Chuma hurefuka kwa takriban milimita 0.012 katika kila mita, joto linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Moiben iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana ni kali kwa kuwa hewa ni nyepesi, na usiku usio na mawingu bati hupoteza joto lake haraka. Bati lililofika nyuzi 60 saa nane mchana linaweza kushuka hadi nyuzi 10 kabla ya alfajiri. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 50, bati la mita 3 hubadilika urefu kwa milimita 1.8. Mwendo mwingine humezwa na matundu ya misumari na migongo ya bati, lakini tuchukulie hali mbaya kabisa, kwamba wote unaishia kwenye mwanya mmoja. Kama mwanya ulikuwa wa milimita 3, silikoni iliyomo inatakiwa kunyumbuka kwa asilimia 60. Kama ulikuwa wa milimita 10, inatakiwa kunyumbuka kwa asilimia 18 tu. Silikoni bora ya ujenzi ya daraja la 25 hupimwa kuhimili mnyumbuko wa asilimia 25. Kwa hiyo ufa mwembamba, ule ambao mwenye nyumba huuona mdogo na usio na shida, ndio unaochanika kwanza, na ule mpana ndio unaodumu. Saruji iliyopakwa kwenye mwanya huohuo hainyumbuki hata kidogo. Hupasuka katika msimu wake wa kwanza. Lami nayo huanza ikiwa laini, kisha jua huikausha hadi inakuwa ngumu na kupasuka vilevile.

Umbo la kizibo lina uzito sawa na upana wake. Silikoni iliyoshika kuta mbili zinazotazamana huweza kuvutika kwa uhuru katikati. Ikishika na sakafu ya mwanya pia, pande tatu kwa pamoja, haina tena nafasi ya kunyumbuka, na huanza kuchanika kwenye kona. Ndiyo maana mwanya mzuri huwa na kina cha nusu ya upana wake: milimita 10 kwa 5, kwa mfano. Chini yake huwekwa kamba ya sponji, au pasipo nafasi, utepe wa polithini ambao silikoni haiwezi kuushika. Hatua hii ya dakika chache huachwa katika nyumba nyingi, na hakuna bunduki, ya mkono wala ya betri, inayoweza kuifidia. Wajenzi wa majahazi wa Lamu wameishi na hesabu hii kwa karne nyingi bila kuiandika. Hukalafati mianya ya mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, wakiisukumiza kwa patasi na nyundo, wakijua kwamba chombo kikishaingia majini mbao zitafura na kuibana pamba hiyo. Walichagua kizibo kwa kuangalia jinsi ubao unavyotembea. Mjenzi wa Moiben anayefunga fremu ya saipresi kwenye ukuta wa mawe ana swali lilelile, kwa kuwa ubao huo hufura wakati wa mvua na kusinyaa Januari, ilhali jiwe halifanyi hivyo.

Halafu kuna kemia, ambayo imeharibu mapaa mengi kimyakimya. Silikoni ya bei nafuu inayonuka kama siki hutoa asidi ya asetiki inapokauka. Kwenye kioo na vigae haina neno. Kwenye bati lililopakwa zinki, asidi hiyo hula zinki, na kutu huanzia chini ya kizibo, mahali ambapo jicho halioni. Kwenye plasta na saruji, asidi hukutana na chokaa na mshiko hudhoofika. Kwa bati na ukuta inafaa silikoni isiyotoa asidi, ambayo huandikwa hivyo kwenye tyubu, na tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na gharama ya bati jipya. Tena silikoni huganda kwa kunyonya unyevu wa hewani, kuanzia nje kuelekea ndani, kwa kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa siku katika hewa ya wastani. Hewa kavu ya Januari huichelewesha, kwa hiyo kizibo kinachoonekana kigumu kwa juu huenda bado ni laini ndani kwa siku kadhaa, na hakipaswi kusumbuliwa.

Mwanya ukishapimwa na silikoni ikishachaguliwa, ndipo bunduki ya betri inapopata nafasi yake halisi. Ile ya mkono husukuma kwa mipigo: kila mbano hutoa silikoni, kisha kasi hupungua, na fundi asiye na uzoefu huacha mstari wenye sehemu nene na nyembamba. Mota husukuma kwa kasi moja inayopangwa, na kitufe kikiachwa, fimbo hurudi nyuma kidogo ili tyubu isiendelee kutiririka. Juu ya ngazi, pale mkono mmoja unaposhika paa, hilo ni jambo la usalama na si anasa. Tofauti huonekana zaidi kwa vizibo vya polyurethani, ambavyo huwa vizito sana katika asubuhi ya baridi. Silikoni yenyewe haibadiliki sana kwa baridi. Lakini tupige hesabu tena. Tyubu ya mililita 300 hutoa mstari wa milimita 6 wenye urefu wa takriban mita 10, sawa na kuzunguka madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2 kwa upande mmoja. Nyumba ya madirisha sita inahitaji tyubu tatu. Kwa kazi hiyo, bunduki ya mkono iliyo imara inatosha kabisa, na pesa iliyobaki inunue silikoni isiyotoa asidi na kamba ya sponji. Fundi anayeziba nyumba kila wiki, au shule yenye mabweni ya mabati, ndiye mwenye hoja ya kununua ya betri.

Mtu atasema kwamba mashine huokoa muda, na muda wa fundi ni pesa. Huokoa kweli, ila katika sehemu fupi ya kazi. Saa nyingi huenda kwenye kukwangua kutu na rangi iliyolegea, kuondoa silikoni ya zamani (kwa kuwa hata silikoni mpya haiishiki vizuri), na kufuta vumbi ambalo pepo za kiangazi huleta kutoka mashamba ya ngano na mahindi yaliyokwisha kulimwa. Wepesi wa mashine una hatari yake: humshawishi mtu kuruka hatua hizo kwa sababu mstari unatoka mzuri hata juu ya vumbi. Saa ya kuziba nayo ina maana. Asubuhi bati lina umande. Mchana limerefuka na mianya imebanwa, kwa hiyo kizibo kitavutwa chote usiku huohuo. Katikati ya asubuhi, umande ukishakauka na bati halijapamba moto, mwendo hugawanyika pande zote mbili.

Pingamizi zito zaidi linatokana na baridi yenyewe. Usiku ukishuka hadi nyuzi 10 au chini yake, mtu hutamani kuziba kila penye upepo, na vitundu vya hewa juu ya madirisha huwa vya kwanza kulengwa. Hapo lazima tutofautishe. Kuziba njia ya maji ni jambo moja. Kuziba njia ya hewa ni jambo jingine, na silikoni haijui tofauti. Pumzi za watu waliolala hugeuka matone chini ya bati baridi na kudondoka, na wengi hudhani paa linavuja. Ghala nalo halisamehe kuzibwa hewa: Bodi ya Nafaka na Mazao hutaka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mahindi mabichi kuliko hapo yakifungiwa huvunda na kuota ukungu. Ukungu wa namna hiyo ndio ulioleta sumu ya aflatoksini iliyoua watu 125 mwaka 2004 katika kaunti za sasa za Makueni, Kitui na jirani zake. Kubwa zaidi ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichozibwa vizuri huua waliolala. Jiko hilo libaki nje hata katika nyumba yenye mianya. Ndani ya nyumba iliyozibwa, vitundu vya juu ya dirisha viachwe wazi, na bunduki ielekezwe kwenye fremu, veli na kingo za bati tu.