Wakfu, Duka na Chuo: Namna Elimu Ilivyolipiwa katika Miji ya Waswahili

Vitabu vingi vinavyoeleza maisha ya Waswahili wa pwani huyagawa maisha hayo katika sura zisizoonana, dini mahali pake, biashara mahali pake, elimu na ushairi mahali pake, kana kwamba mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja alikuwa akibadili nafsi kila alipotoka msikitini kwenda dukani. Mgawanyo huo humrahisishia mwandishi kazi, lakini hauelezi jinsi watu walivyoishi. Katika miji hiyo misikiti ilijengwa kwa faida ya majahazi, vyuo viliendeshwa kwa kodi za maduka na mavuno ya mashamba, na mfanyabiashara aliaminiwa bidhaa pasipo hati kwa sababu watu walimjua nasaba yake, mwalimu wake na msikiti anaosali. Chuo, katika matumizi ya pwani, ni mahali pa kufundishia watoto Kurani, mara nyingi ukumbi au baraza ya nyumba ya mwalimu, na ndicho hatua ya kwanza ya safari ya elimu iliyoweza kumfikisha mtu kwenye ukadhi. Jambo la kuchunguza ni nani aliyelipa gharama ya safari hiyo, kwa mali ya aina gani, na kwa nini mwanafunzi aliyelipiwa hakuhesabiwa kuwa ni mtu wa kupewa sadaka.

Ibn Battuta, msafiri wa Tangier aliyepita pwani hii mwaka 1331, ameacha maelezo yanayosaidia sana katika uchunguzi huo. Huko Mogadishu aliona kwamba chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikijia kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mmoja wa wafanyabiashara waliomo na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Mfanyabiashara huyo alifikia kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia, hata biashara iliyofanywa kwa bei ya kumpunja au bila mwenyeji kuwapo ilihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe hakupokelewa hivyo, kwa sababu ilipojulikana kuwa ni fakihi, yaani mwanachuoni wa sheria, alitangazwa kuwa ni mgeni wa kadhi. Kwa hiyo bandarini palikuwa na milango miwili ya ukarimu, mmoja wa mali na mmoja wa elimu, na yote miwili iliendeshwa kwa utaratibu uleule wa mwenyeji kumdhamini mgeni. Alipofika Mombasa aliandika kwamba wenyeji hula ndizi na samaki na huletewa nafaka kutoka kwingineko, kisha akaieleza misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, yenye visima visivyo na kina kirefu karibu na milango, ambamo maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichofungwa kijiti chembamba, na penye mkeka mzito mlangoni wa kufutia miguu baada ya kuiosha. Mji uliokuwa ukiagiza nafaka yake kwa bahari ulikuwa na mtu wa kuchimba kisima cha msikiti, wa kuununua mkeka na wa kuubadili ulipochakaa. Gharama hizo ndogo zisizokoma ndizo zilizohitaji chombo cha kuzibeba, na chombo hicho kiliitwa wakfu.

Wakfu ni mali ambayo mwenyewe ameifunga asili yake na kuyaachia manufaa yake. Nyumba, duka, shamba au kisima kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi, ila kodi au mazao yake huenda daima kwa shabaha aliyoitaja mwenye kuweka. Msimamizi wake huitwa mutawali, na kazi yake ni kukusanya, kukarabati na kugawa kwa mujibu wa sharti lililoandikwa. Wanasheria hutofautisha wakfu ya kheri, ambayo manufaa yake ni ya umma, kama vile msikiti, kisima au wanafunzi, na wakfu ya kizazi, ambayo hunufaisha watoto na wajukuu wa mwekaji mpaka watakapokwisha, ndipo ielekee kwa maskini au msikitini. Katika pwani ya Afrika Mashariki, inayofuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafi, aina zote mbili zilikubalika, na mara nyingi ziliungana katika hati moja. Si nyumba na maduka tu yaliyowekwa wakfu. Kwa kuwa desturi ya pwani humruhusu mtu kumiliki miti mbali na ardhi inayoiotesha, hata mtu wa uwezo mdogo aliweza kuweka wakfu minazi michache, nazi zake zikanunua mafuta ya taa za msikiti. Mashamba ya minazi yalitoa majamvi, posho ya imamu na ya mwadhini, futari ya mwezi wa Ramadhani, na hitima, yaani kisomo cha Kurani anachosomewa marehemu. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mpokeaji hakujua wala hakulazimika kumshukuru mtoaji, ambaye pengine alikuwa amekufa miaka mia moja nyuma. Mwanafunzi aliyesoma chini ya taa ile hakuwa na deni kwa tajiri yeyote aliye hai, na hapo wakfu ilitofautiana na ufadhili wa kila siku, ambao humfanya msomi awe mtu wa bwana fulani.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Kurani kutoka upande wa Bagamoyo ambaye baadaye alifundisha Kiswahili Berlin, alieleza maisha ya chuo katika kitabu cha Desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Mtoto alianza na herufi juu ya ubao, akaendelea na juzuu fupi za mwisho wa msahafu, hata akahitimu Kurani nzima, na siku ya kuhitimu ilikuwa siku ya karamu na ya kumpa mwalimu haki yake. Ada ya mwalimu iligawanywa vipande vidogo, mara fedha, mara chakula, mara kazi ya mikono ya wanafunzi wenyewe, waliochota maji na kuokota kuni. Mpango huo ulikuwa na dosari zake, na fimbo ilikuwa mojawapo, lakini uliwezesha watoto wengi kusoma mahali ambapo fedha taslimu zilikuwa adimu.

Aliyetaka kuendelea aliingia katika darsa, ambayo ni halaka ya watu wazima waliomzunguka sheikh, kitabu kikisomwa kwa Kiarabu na kufasiriwa kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Ngazi zake zilijulikana. Msomaji wa fiqhi alianza na Safina, kitabu kidogo cha Salim bin Sumair wa Hadhramaut, akapanda taratibu hata akafika Minhaji ya Imamu Nawawi, huku nahau ikianzia katika Ajirumiya na tafsiri ya Kurani ikifuata Jalalaini. Aliyemaliza kitabu mbele ya sheikh alipewa ijaza, idhini ya kukifundisha, ambayo ilitaja mnyororo wa walimu mmoja baada ya mwingine. Saa za darsa zilipangwa kufuata saa za soko. Baina ya magharibi na isha maduka yalifungwa, na wakati huo muuza nguo, fundi seremala na nahodha waliweza kuketi jamvi moja. Mwezi wa Ramadhani, ambapo kazi hupungua mchana, ndio uliokuwa msimu mkuu wa tafsiri. Elimu hiyo ilimfikia mtu pasipo kumtoa katika riziki yake, jambo ambalo shule za saa mbili asubuhi hadi alasiri hazikuweza kulifanya.

Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, unaonyesha jinsi elimu yenyewe ilivyokuwa kazi ya mikono. Katika karne ya 18 na ya 19 Siyu ilisifika kwa wanachuoni wake na vilevile kwa mafundi wa ngozi, wa mbao na wa vito, na ufundi huo wote ulikutana katika misahafu iliyonakiliwa pale. Mwandishi alitumia karatasi iliyoletwa kwa bahari, akaandika aya kwa wino mweusi, akapamba pambizo na vichwa vya sura kwa nyekundu na manjano, kisha fundi wa ngozi akafunga jalada. Msahafu uliomalizika ulikuwa bidhaa, lakini wenye kuununua mara nyingi waliuweka wakfu, wakaandika ndani yake kwamba hauuzwi tena, na kwa maneno hayo machache kitu kilichokuwa na bei sokoni kikatoka sokoni moja kwa moja. Ni kweli kwamba mitambo ya chapa, ukiwamo ule ambao Sultani Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, aliuleta nchini mwake, pamoja na vitabu vya bei nafuu kutoka Bombay na Cairo, iliiua kazi ya wanakili. Wasomaji walifaidika, na haifai kuililia Siyu kupita kiasi.

Wanawake hawakuwa nje ya mfumo huu, ingawa waandishi wageni, ambao hawakupita ndani ya madaka ya nyumba, waliwaandika kidogo. Binti wa nyumba ya kiungwana mjini Lamu alipoolewa alipewa nyumba na wazazi wake, mume akahamia kwake, na yeye, akiwa mwenye nyumba, aliweza kuiweka wakfu. Vyuo vingi vya wasichana vilikuwa katika nyumba za walimu wa kike. Utendi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858, na ambao hutajwa zaidi kwa mafunzo ya ndoa, ni kazi ya mtu aliyezoea vitabu vya dini na vilevile hesabu ya nyumba.

Biashara nayo ilikuwa na fiqhi yake. Msemo wa mali kauli, ambao wafanyabiashara wa Tanzania wanautumia hadi leo, una maana ya kuchukua bidhaa kwa neno tu, kuiuza, kisha kumrudishia mwenyewe bei yake. Neno hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu aliyelivunja angekutana na mdai wake katika safu ya swala, katika maulidi na katika maziko, ambako hakuna njia ya kujificha. Hata hivyo itakuwa kosa kuipamba picha hii. Riba ni haramu, lakini mikopo ilihitajika, hasa katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na watu walitumia bei ya khiyari, yaani mauzo yenye haki ya kukomboa: mkopaji alimuuzia mkopeshaji shamba, akalipanga shamba lake mwenyewe kwa kodi, na akiba yake ilipotosha akalikomboa. Kodi hiyo ilikuwa faida ya mkopo iliyovaa kanzu. Wanachuoni walilijua jambo hilo na walitofautiana juu yake, na mashamba mengi hayakukombolewa kamwe. Elimu ya dini ilifundisha uaminifu, na papo hapo ilitoa wataalamu wa kuandika hati za hila. Mambo yote mawili yalikuwa matunda ya darsa moja.

Mfumo ulikuwa pia na mipaka ya nasaba, na aliyeivunja kwa namna iliyoonekana zaidi ni Habib Saleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilleyl aliyezaliwa Ngazija akahamia Lamu. Katika mji ambao waungwana wa Mkomani waliihesabu elimu ya juu kuwa haki ya koo zao, yeye alifundisha upande wa Langoni, akawapokea watumwa, waliotoka utumwani na wageni maskini, na mwishoni mwa karne ya 19 msikiti wa Riyadha ukawa chuo cha kulala wanafunzi kutoka pwani nzima. Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Hadhramaut na kusomwa Riyadha kwa matari, yalileta wageni kila mwezi wa mfungo sita. Wageni hao walilishwa, walinunua, walitoa nadhiri, na kwa kufanya hivyo walikihudumia chuo kisichokuwa na mashamba ya urithi ya wakubwa. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, na ziara yake imebaki kuwa msimu wa uchumi kwa Lamu sawa na ulivyokuwa msimu wa majahazi.

Mfumo wa wakfu haukudhoofika kwa sababu watu waliacha kusali. Uingereza iliingiza wasimamizi wake kati ya mali na shabaha yake. Unguja ilipata amri ya wakfu mwaka 1905, iliyoweka kamisheni, na Mombasa nayo ikawa na makamishna, hata mutawali wa mtaa, aliyejua paa lipi linavuja, akawa mwombaji wa ruhusa ofisini. Pigo la pili lilitoka mahakamani. Mwaka 1894 Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya rufani ya mwisho ya makoloni, iliamua katika shauri la Uhindi kwamba wakfu ya kizazi ambayo sehemu ya maskini ndani yake ni ya mbali au ya jina tu haina uhalali. Uhindi ilitunga sheria mwaka 1913 kuukwepa uamuzi huo, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 mahakama hiyohiyo iliutumia tena katika shauri lililotoka Kenya, ingawa mafakihi wa Kishafi walikuwa wameihalalisha wakfu hiyo kwa karne nyingi. Aliyekuwa akifikiria kufunga nyumba yake kwa ajili ya wajukuu na msikiti alikuwa na sababu ya kusita.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 na kufariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliliona tatizo kwa upande mwingine. Katika magazeti yake ya Kiswahili, Sahifa ya mwaka 1930 na Al-Islah ya mwaka 1932, aliwashutumu Waislamu wa pwani kwa kutumia fedha katika harusi na matanga huku watoto wao wakikosa hesabu, ufundi na lugha za dunia. Hoja yake kwamba elimu ya kidunia ni wajibu wa dini ilipata jengo mwaka 1951, ilipofunguliwa Mombasa taasisi ya ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyochangiwa na Sultani wa Unguja na Aga Khan miongoni mwa wengine, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wachangiaji hao walikuwa wakubwa wa nchi, ilhali taa ya darsa ya zamani iliwashwa kwa nazi za mtu ambaye jina lake lilikuwa limesahauliwa.

Wakfu bado ipo. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, Kenya ina makamishna wake, na tangu 2008 benki zinazofuata sheria ya Kiislamu zimefanya kazi Kenya. Ugumu uko katika kodi. Duka la wakfu lililopangishwa zamani huingiza kiasi ambacho hakilingani na bei ya mtaa, na mpangaji wake mara nyingi ni muumini wa msikiti uleule, mwenye familia na mtaji mdogo. Akipandishiwa kodi ghafla, kamati husemwa kuwa imeigeuza dini biashara. Asipopandishiwa, posho ya mwalimu wa madrasa haitoshi, wazazi huombwa ada ya kila mwezi, na mwalimu huyo, ambaye babu yake wa elimu alilipwa kwa minazi, hufundisha jioni baada ya kumaliza kazi nyingine ya mchana.