Je, Wajua? Gari, Hema na Kasia: Mzunguko wa Maziwa Kutoka Kamenu

Sogea kidogo kwenye benchi, nikae. Je, wajua kwamba nchi ya Uswidi ina maziwa karibu 100,000? Watu wake ni milioni 10 na ushei, yaani ziwa moja kwa kila watu mia moja hivi. Kwa hesabu hiyo, hapa Kamenu, Thika, kila ploti ya nyumba za kupanga ingekuwa na ziwa lake, na mwenye ploti angepandisha kodi kwa sababu ya mandhari!

Bado. Kule Uswidi unaweza kupiga makasia kutwa nzima, kisha jioni ukasimamisha hema kwa usiku mmoja kwenye ardhi ya mtu usiyemjua, bila kumwomba ruhusa, ilimradi usikaribie nyumba wala shamba lililolimwa. Haki hiyo imetajwa kwenye katiba yao tangu 1994. Jaribu huku kwetu uone: kabla hujapigilia kigingi cha pili, mzee wa nyumba kumi ameshafika.

Lakini Waswidi wasitutambie sana. Ziwa lao kubwa kuliko yote, Vänern, lina kilomita za mraba 5,650 hivi. Turkana letu, lililozungukwa na jangwa, linapita 6,400! Na tukimwita Victoria, tunayemmiliki pamoja na Uganda na Tanzania, hapo ni kilomita za mraba 68,800. Vänern anaingia humo mara 12.

Basi tufunge hema juu ya gari, tutoke hapa hapa Kamenu, tuzunguke maziwa na kurudi. Umeshika chupa ya chai? Twende.

Hata injini haijapata moto, maajabu yameanza. Thika ina maporomoko mawili ya mito miwili tofauti, Chania na Thika, na hoteli ya Blue Posts imekaa katikati yao tangu 1908. Ukiegemea ukuta upande mmoja unasikia mto mmoja, ukivuka bustani unasikia mwingine.

Sasa hili ndilo nilitaka kukunong'oneza. Kutoka Thika hadi Ruiru ni kilomita 20 tu hivi, sivyo? Lakini maji ya mto Thika huingia Tana na kumwagika baharini Kipini, ilhali ya mto Ruiru huingia Athi, huruka maporomoko ya Fourteen Falls, na kuibuka baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Majirani wa matatu moja, na vinywa vyao baharini vimeachana kilomita 80 hivi!

Wewe unayewaonea wivu watu wa Nairobi, sikiliza. Maji wanayopikia chai, sehemu kubwa sana, hutoka kwenye bwawa la Ndakaini, lililojengwa juu ya mto Thika kule Gatanga na kukamilika 1994. Linabeba mita za ujazo milioni 70. Kila lita iliyomo humo ingekuwa ya kwetu, kama si Nairobi kuwa na kiu.

Tushike barabara ya Magumu, tupite Gatukuyu, tusiguse Nairobi hata kidogo. Ukishuka bonde unaliona Naivasha. Jina lake latokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka, na mchana upepo ukiamka utajua kwa nini: mtumbwi hucheza kama kizibo. Makasia ni ya asubuhi, rafiki yangu.

Je, wajua kwamba Naivasha liliwahi kuwa uwanja wa ndege? Si kando ya ziwa, la: ziwa lenyewe! Kati ya 1937 na 1950, ndege za kutua majini zilizobeba abiria kutoka Uingereza zilitua humo, kisha wasafiri wakamalizia safari ya Nairobi kwa barabara. Hebu fikiria sura ya kiboko siku ile ya kwanza.

Na kiboko huyo, je, wajua kwamba haogelei? Hutembea chini kabisa, miguu ikigusa tope, akijisukuma kama mtu anayeruka mwezini. Ana kilo 1,500 na zaidi, lakini nchi kavu hukimbia kilomita 30 kwa saa. Usiku hutoka majini na kula majani hadi kilo 40, na hapo ndipo hema lako linapoingia katika habari: ukilipiga kwenye njia yake ya chakula cha jioni, hatazunguka. Tafuta kambi yenye uzio, na usikae kamwe kati ya kiboko na maji.

Halafu wale kamba wekundu wa Naivasha. Asili yao ni Louisiana, Marekani! Waliletwa 1970, wakajionea maisha, wakazaana.

Elementaita hulizungumzii? Hapo huzaliana mwari weupe, ndege wenye mabawa ya mita 3 kutoka ncha hadi ncha. Ajabu ni kwamba ziwa lao halina samaki wa kuwashibisha, hivyo huruka kwenda kuvua Nakuru na kurudi kulisha watoto. Ni wewe kabisa: unalala Kamenu, unatafuta riziki Nairobi. Ila mwari hajui foleni ya Githurai.

Elementaita, Nakuru na Bogoria ziliandikwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Hekta 32,034 kwa jumla. Umepita hapo mara ngapi ukiwa umelala kwenye basi?

Heroe, wale ndege waridi, hawazaliwi waridi. Kifaranga hutoka kwenye yai akiwa kijivu, na rangi humjia kupitia chakula, ule mwani mdogo usioonekana kwa jicho. Tena hula kichwa kikiwa juu chini!

Nakuru nako, tangu 2010 maji yamepanda hadi yakameza lango kuu la zamani la mbuga. Mbuga ilibidi itafute mlango mwingine, kama mpangaji aliyefungiwa.

Ukipita Mogotio unavuka ikweta. Shika kidole kimoja, tutahesabu.

Sasa Bogoria. Kuna chemchemi za maji moto karibu 200, na baadhi hurusha maji juu kama bomba lililopasuka. Hakuna mahali pengine Afrika penye chemchemi nyingi za kurusha maji namna hii. Wageni wamekuwa wakichemshia mayai humo miaka mingi. Sufuria haina kazi. Lakini usitie mguu, tafadhali. Maji hayo hayabagui yai na kidole.

Hatua kidogo mbele, Baringo, na kila kitu kinageuka. Bogoria ni chumvi, jirani yake Baringo ni maji baridi, ingawa hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Hapa ndipo penye makasia ya ajabu kuliko yote. Wavuvi wa Il Chamus huunda vyombo vyao kwa mti mwepesi mno uotao kandokando ya ziwa, wakifunga matawi pamoja, na badala ya kasia refu hushika vibao viwili vidogo, kimoja kila mkono, kama mtu anayechota maji kwa visahani. Waswidi na mitumbwi yao ya plastiki waje waone!

Na keti vizuri kwa hili. Je, wajua kwamba twiga wameshasafiri kwa maji Baringo? Ziwa lilipofura, twiga tisa wa Rothschild walijikuta wamekwama Longicharo, kipande cha nchi kilichogeuka kisiwa na kuendelea kumegwa na maji. Likaundwa jahazi la chuma lenye kuta, likaelea juu ya mapipa. Walinzi walikaa na wale twiga, wakawazoesha kupanda kwa kuwapa maembe na maganda ya mgunga, kama unavyombembeleza mtoto apande pikipiki. Wa kwanza, jike aitwaye Asiwa, alivuka Desemba 2020 akiwa amefunikwa macho. Wa mwisho alivuka Aprili 2021. Wote tisa walifika salama kwenye hifadhi ya Ruko, inayoendeshwa na Il Chamus na Wapokot, jamii mbili zilizowahi kugombana sana. Shingo ya twiga ikipita juu ya ziwa! Nililisoma hilo mara tatu kabla ya kuliamini.

Turudi Nakuru, tupande Nyahururu. Kidole cha pili, kidole cha tatu: tumeivuka ikweta tena na tena.

Nyahururu kuna maporomoko ya Thomson, mita 74 kwenda chini. Maji yake hutoka Ol Bolossat, ziwa pekee la asili katika eneo lote la Kati. Na sikia: tofauti na Chania yetu, maji hayo kwa kawaida hayaoni bahari. Hufuata Ewaso Ng'iro hadi kwenye kinamasi cha Lorian, huko kaskazini mashariki, na kupotelea mchangani.

Kati ya Nyahururu na Nyeri, kidole cha nne. Safari moja, ikweta mara nne! Kuna mabaharia waliozeeka bila kufikisha hesabu hiyo.

Wewe uliyelala kwenye hema siku zote hizi, je, wajua kwamba aliyefundisha vijana wa dunia kupiga kambi amezikwa Nyeri? Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifanya kambi yake ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na wavulana 20 hivi. Alikufa tarehe 8 Januari 1941, akalazwa Nyeri akitazamana na Mlima Kenya. Juu ya kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya skauti njiani, maana yake: nimerudi nyumbani.

Na sisi turudi. Lakini Sagana hatupiti bila kulowa. Mikondo mikali ya mto kwa wapiga makasia hupimwa kwa madaraja, 1 hadi 6, na hapa ipo hadi ya 5. Mto unaokurusha huo ni Tana yuleyule. Huku juu watu humwita Sagana. Vaa jaketi la kuokolea, ukipiga mayowe hakuna atakayekucheka, kila mtu anapiga.

Ukifika Kamenu jioni, nguo bado mbichi, simama kwenye daraja la Chania utazame chini. Maji hayo yanakwenda Masinga, bwawa la mita za ujazo bilioni 1.56, zaidi ya mara 22 ya Ndakaini, na huko yatakutana na yale yaliyokupindua Sagana mchana. Yakishakutana, yatazungusha mashine za umeme mara tano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Taa ya chumbani kwako je, wadhani inawaka kwa nini?